Mtoto Aliyekuwa Pembeni mwa Picha

Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Nikiingia nyumbani kwa mtu nikakuta kalenda imelala upande, sikai mpaka nimeinyoosha. Kanisani macho yangu hayako kwa padri, yako kwenye picha za Njia ya Msalaba. Ile ya tisa imeinama kushoto tangu ukuta upakwe rangi, na parokia nzima hakuna anayejali. Mke wangu Edna husema siku nikifa nitaamka kwanza niwanyooshee jeneza ndipo nilale tena.

Kwa hiyo kazi ya steshenari ilinikubali. Duka langu liko hapa Ifakara, upande wa kuelekea Lumemo. Nina kompyuta mbili, skana moja, na printa mbili ambazo kila siku mojawapo lazima igome. Watu wananiletea vyeti vya kuzaliwa, hati za mashamba, picha za harusi za wazazi wao, vyote vimekunjamana na kwenda upande, nami navinyoosha. Miaka kumi na sita sasa.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nilichofanya nilikifanya kwa uzembe. Nilikifanya kwa ufundi. Bibi Rosemery wa Kisawasawa alikuwa na picha moja tu duniani ya mtoto wake wa kwanza, na mimi nilimkata mtoto huyo nikamtupa, na nilipomaliza nikajipongeza.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, wiki ile ambayo wazazi wote wa bonde hili wanataka fomu za shule za watoto wao zichapwe siku hiyo hiyo. Benchi lilikuwa limejaa. Mfugaji mmoja, Nkwabi, alikuwa amenisimamia kichwani na fimbo yake akingoja nakala za barua ya kijiji, na kila baada ya dakika moja ananiuliza kama bado. Joto, umeme unakatika unarudi, na mimi hasira zangu ziko karibu hata siku za kawaida. Ndipo akaingia mama mmoja mwembamba wa miaka sabini na kidogo, kajitanda khanga, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Shikamoo mama," nikasema bila kuinua uso.

"Marahaba, baba. Natoka Kisawasawa. Nimeelekezwa kwako, wanasema wewe ndiye unayejua kunyoosha picha."

Sifa hiyo ilinikaa vizuri. Nikainua uso.

Akatoa daftari mkobani, ndani ya daftari mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa, na ndani ya kitambaa picha ya kiganja kimoja, nyeusi na nyeupe iliyoanza kuwa kahawia. Kijana na msichana wamesimama mbele ya nyumba ya udongo yenye bati jipya. Huyo kijana alikuwa mumewe, Mzee Hermenegildi, aliyefariki mwaka jana. Jumamosi ingekuwa misa ya kutimiza mwaka, na kaburi lililojengewa lingebarikiwa. Alitaka picha iwe kubwa, iwekwe kwenye fremu, na inyooshwe, kwa sababu ilikuwa imepinda vibaya. Watu wale walionekana wamesimama kwenye mteremko wa mlima.

"Huyu mpiga picha alikuwa amekunywa?" nikauliza kwa sauti, benchi likacheka.

Bibi Rosemery naye akatabasamu. "Hapana, baba. Alishtuka. Huku pembeni, unaona..."

"Nimeona, mama. Huko kote kutasafishwa. Njoo Alhamisi."

"Nilikuwa nataka kukuambia kuhusu..."

"Mama, kwako hii ni picha moja. Kwangu ni ya elfu ngapi sijui. Wewe niamini tu."

Wazee wetu wa huku ukiwakatisha hawabishani nawe, hasa mbele za watu. Alinishukuru, akaniombea baraka, akaondoka. Nkwabi akaniuliza kama bado.

Na kweli nilikuwa nimeona. Hapo ndipo siwezi kujidanganya. Ukingoni mwa picha, upande wa kulia, alikuwapo mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, nusu yake tu: jicho moja, shavu, mdomo uliofunguka, na mkono uliokamata khanga ya yule msichana. Nikasema moyoni, haya, mtoto wa jirani amekuja kudokoa picha ya watu. Picha za zamani zimejaa watoto wa namna hiyo. Kila anapofika mpiga picha kijijini wanamwagika kama vifaranga, na katika miaka yangu yote sijawahi kuulizwa na mteja yeyote wamekwenda wapi.

Nikaiweka kwenye skana, nikaifungua kwenye programu ya kuhariri. Kazi yenyewe ni rahisi kwa anayeijua. Kuna kifaa kama rula: unatafuta kitu ambacho unajua kilikuwa kimelala sawa, unavuta mstari juu yake, na kompyuta inaigeuza picha yote mpaka mstari ule ukae sawa. Mimi nilivuta mstari kwenye ukingo wa bati. Ilikuwa imepinda nyuzi tisa! Mkono wa haraka kwenye skana hupindisha karatasi nyuzi mbili, sanasana tatu. Tisa sikuwahi kuziona. Nikabonyeza, nyumba ikakaa, bwana na bibi wakasimama wima, nami nikasikia ile raha ninayoisikia sikuzote, ambayo Edna anasema si ya mtu mzima mwenye akili timamu.

Tatizo ni kwamba picha ikigeuka, pembe zake nne hubaki wazi, pembetatu nyeupe. Zikiwa ndogo unapunguza kidogo kila upande, hakuna anayejua. Kwa nyuzi tisa zilikuwa kubwa. Ningeweza kuzijaza kwa mkono, nikinakili vipande vya ukuta na vya ardhi na kuvipandikiza kimoja kimoja, kazi ya nusu siku. Au ningeweza kukata ndani zaidi. Nikalitazama benchi. Nikakata.

Mtoto akaenda. Vikabaki vidole vitatu vimekamata khanga ya Bibi Rosemery, vidole visivyo na mtu. Vilinikera. Nikachukua maua ya khanga kutoka sehemu nyingine, nikayapandikiza juu ya vidole, nikalainisha. Nilifanya vizuri sana. Hata mimi nikirudi kutafuta mahali vilipokuwa sipaoni. Kisha nikahifadhi, na kwa kuwa kompyuta yangu imejaa na mimi ni mbishi, nikahifadhi juu ya ile ile ya kwanza, ya kwanza ikafutika.

Bado hayo yangekuwa na dawa kama nisingekuwa na tabia nyingine, ambayo niliibuni mwenyewe na nikawa naiona ni ukarimu. Nikishachapa picha kubwa, huichukua ile ya asili nikaipeleka kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikaipunguza kingo ifanane na mpya. Mteja anaondoka na picha mbili, kubwa na ndogo, zote zimenyooka. Sitozi kitu kwa hilo. Wateja wamekuwa wakinishukuru. Basi nikaigeuza picha ya Bibi Rosemery nyuzi tisa chini ya kisu, nikabonyeza mkono wa mashine mara nne. Vipande vikaangukia kwenye boksi la takataka, na Jumatano jioni Edna akalichoma boksi nyuma ya duka pamoja na karatasi nyingine, kama kila wiki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alizaliwa Alhamisi saa nne asubuhi.

Bibi Rosemery aliishika fremu kwa mikono miwili. Akamtazama mumewe muda mrefu, akampangusa kwa ncha ya khanga ingawa kioo kilikuwa kisafi. "Amenyooka," akasema. "Kweli unajua kazi." Nikasimama pale kama bwana harusi. Kisha macho yake yakaenda kulia, yakafika kwenye ukingo wa fremu, yakatulia hapo. Akaigeuza fremu akatazama nyuma yake. Akairudisha.

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao yupi, mama?"

Akaichukua ile ndogo iliyokuwa juu ya meza, akaisogeza karibu na macho. Kwenye ile sikuwa nimepandikiza maua. Vidole vitatu vilikuwapo, vimekamata khanga, halafu karatasi imeisha.

"Umeniachia vidole," akasema.

Mimi, badala ya kusikia aibu, nilikasirika. Ndivyo nilivyo. Nikikosea, cha kwanza kupanda ni sauti. "Sasa si ungeniambia, mama! Mimi nitajuaje? Mtoto nusu, amekaa pembeni, hakuna aliyeniambia!"

"Ni kweli, baba," akasema polepole. "Sikukuambia."

Edna, aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili, akanitazama. Yeye alikuwapo Jumanne. Alisikia kila kitu. Hapo ndipo nilipovuta kiti nikamkaribisha yule mama, na kwa mara ya kwanza nikamwacha aongee.

Mpiga picha, alisema, alikuwa akipita Kisawasawa mara moja kwa mwaka na baiskeli yake, mavuno ya mpunga yakishaisha, watu wakiwa na kitu mfukoni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Hakuwa na gauni la kuonyesha watu, lile moja lilikuwa limechanika, na mama yake aliona haya. Akamwambia akae ndani kwa bibi yake, mwakani atashonewa gauni apigwe picha yake peke yake. Mtoto akakaa ndani mpaka mpiga picha anabonyeza, ndipo akachomoka mbio kumkimbilia mama. Mpiga picha akashtuka, mashine ikamwenda upande.

"Nilimchapa," Bibi Rosemery akasema. "Kwamba ameharibu picha. Masika akaugua surua, hakufika mwezi wa nne. Mpiga picha aliporudi, tulikuwa na gauni, mtoto hatuna."

Edna alikuwa ameacha kuchapa.

"Mume wangu ndiye aliyeitunza hii picha. Mimi nilitaka kuichoma. Sasa yeye hayupo, nikasema nimwombe fundi aninyooshee, nimwone na mwanangu vizuri. Miaka yote hii namtazama nimepinda shingo."

Nilimwambia ninasikitika. Nilimwambia mara nyingi, mpaka neno lenyewe likawa halina ladha. Nikamwambia aniachie fremu, nitatafuta, kompyuta haipotezi kitu. Nilijua nadanganya. Akaifunga ile ndogo kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mfuko, mfuko kwenye daftari, akaaga. Fremu akaiacha juu ya meza. Ningependa angenitukana. Nilingoja mpaka akafika barabarani, hakugeuka.

Nilikwenda kwenye shimo la takataka nyuma ya duka nikachokoa majivu kwa kijiti, mwanamume mzima wa miaka arobaini na nane, nimechuchumaa. Nilipata kona moja ya karatasi ngumu isiyoungua yote. Ilikuwa ya kadi ya mwaliko. Nikarudi kwenye kompyuta. Nikaazima programu ya kufufua mafaili kwa jamaa mmoja, ikafufua fomu za watu, barua za watu, ikafufua mpaka risala ya mahafali ya miaka mitatu nyuma. Ya Bibi Rosemery ilileta kipicha kimoja tu, kile kidogo ambacho kompyuta hujiwekea cha kutambulisha faili, ukubwa wa ukucha. Kulia kabisa kulikuwa na alama. Nikaikuza. Ikawa vimraba vya kijivu, vingine vyeusi kidogo, vingine vyeupe kidogo. Nikasogea nyuma mpaka mlangoni nikavitazama kwa mbali nimefumba jicho moja, na hata hivyo vilibaki vimraba.

Ijumaa nikapata wazo. Kama ni la shetani au ni la kiburi changu tu, mimi sijui. Nilimkumbuka yule mtoto vizuri: jicho, shavu, mdomo uliofunguka. Nilichokosa ni uso wa kuanzia. Na uso nilikuwa nao. Binti yetu Eveline alipokuwa na miaka mitatu nilimpiga picha nyingi, na moja anakimbia kuja kwangu amefungua mdomo. Nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Nikaitia ukahawia, mikwaruzo, ukungu kidogo. Nikamkata katikati, nikambakiza nusu, nikajaza ule ukuta na ile ardhi kipande kwa kipande, ile kazi ya nusu siku niliyoikwepa Jumanne. Nikayaondoa maua, nikaweka mkono umekamata khanga.

Edna akaja akasimama nyuma yangu.

"Baba Eveline, usifanye hivyo."

"Mama wa watu macho yake si mazuri. Atafurahi."

"Macho yake hayana shida. Nenda kamwombe radhi, umpelekee fremu kama ilivyo."

"Nikampelekee aibu?"

"Ndiyo. Kampelekee."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikachapa.

Jumamosi asubuhi niliifunga fremu kwa blanketi, nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikashika barabara ya Mang'ula. Milima ya Udzungwa ilikuwa kushoto kwangu njia nzima, na mimi nilikuwa narudia maneno niliyoyapanga: kompyuta imekubali, tumempata mtoto, ila si sana kama zamani maana mashine nayo ina mipaka yake. Niliyasema kwa sauti ndani ya kofia ngumu. Nilipofika Kisawasawa nilikuwa karibu nayaamini.

Uani kwa Bibi Rosemery palikuwa pamefungwa turubai. Wanawake walikuwa wanachambua mchele, wanakwaya wanapanga vitabu, na kijana wake Stanislaus alinipokea fremu akaniambia asante sana, fundi, mama alikuwa anakungoja. Akaiweka kwenye kiti karibu na meza ya altare, akakiegemeza kiti ukutani. Bibi Rosemery akaja akifuta mikono. Nikaamkia. Akaitikia vizuri, bila kinyongo, nikapata moyo.

Akainama mbele ya kiti. Safari hii macho yake yalikwenda kulia moja kwa moja. Nikafungua kinywa niyatoe yale maneno ya pikipiki.

"Mtoto mzuri," akasema. "Ni wa nani?"

Yale maneno yakanitoka kichwani yote. Niliwatazama wanawake wa mchele, nikatazama viatu vyangu.

"Wangu, mama. Anaitwa Eveline."

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko Morogoro, anasoma chuo cha ualimu."

Akafanya ishara ya msalaba haraka, akaiinua fremu kutoka kitini kana kwamba kiti kimeshika moto, akaigeuza uso uelekee kifuani kwake asiione mtu mwingine. "Mtoe humu, baba. Mtoe upesi. Leo tunaombea marehemu, unamwekaje mtoto aliye hai katikati yao?" Akanikabidhi. Hapo nikaelewa kwamba yule mama alikuwa anamwogopea mwanangu, mtu asiyemjua, kuliko nilivyowahi kumjali wa kwake.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe Alhamisi." Akatoa kile kitambaa kwenye mkunjo wa khanga, akaisimamisha ile picha ndogo niliyoikata juu ya kiti kitupu. Hata ilipokuwa imesimama pale, kutoka nilipokuwa ilionekana ndogo kama stempu. "Ila wa kwako nimekuuliza ni wa nani, ukanitajia na jina lake," akasema bila kunitazama. "Wa kwangu hujaniuliza hata anaitwaje."

Ni kweli. Alhamisi alipokaa kwenye kiti changu akanisimulia yote, mimi nilikuwa nawaza faili. Nikataka kumwuliza pale pale, lakini kengele ikagongwa, watu wakasimama, naye akaenda kukaa mbele na ndugu zake. Nikarudi nyuma ya turubai nikasimama na fremu mikononi, sikupata hata pa kuiweka.

Padri alipofika kwenye nia za misa, katekista akafungua karatasi ya marehemu wa ukoo ule. Akaanza na Hermenegildi. Kisha akawasoma wengine mmoja mmoja, polepole, na baada ya kila jina watu wakaitikia: Adolf, Brigita, Raimundi, Paskazia, Viktor, Omega, Faustino, Rosalia. Nilisikiliza kila jina la mwanamke nikimtazama Bibi Rosemery kisogoni, nione ni kwa lipi atainamisha kichwa. Alikuwa ameshainama tangu jina la kwanza.

Sijarudi Kisawasawa. Nayakumbuka yale majina yote, huyataja kila nikisali, kwa sababu lipi ni la mtoto yule mpaka leo sijui.